Nani Alisema Miezi Sita?

Kila mtu Kenya anajua mtu aliyewahi kumeza dawa za TB. Kama si kwenu ni kwa jirani, ama yule msee wa hosteli aliyeanza kutembea na maski kabla maski hazijakuwa fasheni. Na kila mtu anajua ni miezi sita. Vidonge kila siku, mkojo unageuka rangi ya machungwa, na nesi anakupigia simu ukikosa kufika kliniki.

Sasa niambie: nani alisema sita? Kwa nini si mitatu? Kwa nini si mwaka mzima?

Mimi nilisomea famasia hadi mwaka wa pili, karo ikanishinda, nikatoka. (Niko sawa, asanteni kwa mnaouliza kila wiki.) Kwenye notsi zetu kulikuwa na jedwali: jina la dawa, inavyofanya kazi, dozi, madhara. Rifampicin inazuia kimeng'enya ambacho bakteria hutumia kutengeneza RNA. Sawa. Nilikariri, nikapita mtihani. Lakini jedwali halikuwa na safu ya "tulijuaje hii?" Hiyo nilikuja kuisoma mwenyewe baadaye, na maze, jibu lilikuwa hapa hapa kwetu. Leo nataka tuongee kuhusu majaribio mawili ya dawa yaliyofanyika nchi hii. Moja tumelisahau kabisa. Lingine wazee wetu wanalikumbuka, lakini wanalikumbuka vibaya.

Kwanza tupitie Uingereza kidogo, ndio hii kitu ieleweke.

Vita vya Pili vimeisha, Waingereza wamesota, na kuna dawa mpya ya TB kutoka Marekani inaitwa streptomycin. Dawa ni kidogo, wagonjwa ni wengi. Baraza la Utafiti wa Tiba la huko, MRC, likaamua hivi: kama haitoshi kila mtu, basi tupige kura nani ataipata, halafu tuhesabu. Mtaalamu wa takwimu Austin Bradford Hill akapanga majina kwa bahati nasibu, kwenye bahasha zilizofungwa, ili daktari asichague mgonjwa anayempenda. Watu 55 wakapewa dawa na kulazwa. Watu 52 wakalazwa tu, kwa sababu kulala kitandani ndiyo ilikuwa tiba ya kawaida wakati huo. Baada ya miezi sita, waliokufa kwenye kundi la dawa walikuwa 4. Kwenye lile kundi lingine, 14. Matokeo yakachapishwa 1948.

Angalia hao 52 vizuri. Wengi wao hawakufa, na baadhi walipata nafuu bila tone la streptomycin. Kama hakungekuwa na hilo kundi, kila nafuu kwenye kundi la kwanza ingehesabiwa kuwa kazi ya dawa. Kabla ya hapo, mara nyingi ushahidi wa dawa ulikuwa daktari mwenye heshima zake anasimama anasema, "Niliwapa wagonjwa wangu, wakapona." Ukiuliza wangapi, ukilinganisha na nani, unaonekana huna adabu.

Lakini streptomycin peke yake ilichoka haraka. Bakteria za TB ziliizoea. Kwa hivyo dawa zikaanza kuchanganywa mbili tatu, na muda ukawa mrefu: mwaka mmoja na nusu. Miezi 18, wasee. Wewe dozi ya antibiotiki ya siku saba unaachia siku ya nne ukijisikia poa. Sasa fikiria mkulima wa 1965 anaambiwa atembee kwenda kituo cha afya kwa miezi 18, na mwezi wa tatu kikohozi kimeshaisha. Watu waliacha. Ugonjwa ulirudi, na mara nyingine ulirudi na bakteria ambazo dawa haziziwezi tena.

Hapo ndipo Afrika Mashariki inaingia. Watafiti wa Kenya, Uganda na Tanzania, wakishirikiana na MRC ya Uingereza kupitia watu kama Wallace Fox na Denny Mitchison, waliuliza swali ambalo wakati huo lilisikika kama utani: je, TB inaweza kutibiwa kwa miezi sita tu?

Walichofanya mwanzoni mwa miaka ya 1970 ni hiki. Waligawa wagonjwa kwa bahati nasibu katika makundi matano. Manne yalipewa dawa kwa miezi sita. Yote manne yalipata streptomycin na isoniazid. Kundi moja likabaki na hizo mbili tu, la pili likaongezewa rifampicin, la tatu pyrazinamide, la nne thiacetazone, ambayo ilikuwa dawa ya bei rahisi iliyotumika sana huku kwetu. Kundi la tano lilikaa kwenye matibabu ya kawaida ya miezi 18, ili pawe na kitu cha kulinganisha nacho.

Hapa ndipo ninapapenda zaidi. Miezi sita ilipoisha, wagonjwa wengi sana katika makundi yote manne walionekana wamepona. Makohozi yalikuwa safi. Kama watafiti wangefunga faili siku hiyo na kuita waandishi wa habari, wangesema michanganyiko yote minne inafanya kazi. Hawakufunga. Waliendelea kuwafuatilia watu baada ya kuacha dawa, wakipima makohozi tena na tena, wakihesabu nani ugonjwa unamrudia.

Wale wa streptomycin na isoniazid peke yake, ugonjwa ulirudi kwa karibu 29 kati ya kila 100. Waliokuwa na thiacetazone, 22. Waliokuwa na pyrazinamide, 8. Waliokuwa na rifampicin, 3. Na wale wa miezi 18? Karibu hao hao 3.

Soma tena hiyo ya mwisho. Miezi sita yenye rifampicin ilikuwa sawa na miezi kumi na minane ya zamani. Matokeo yakaanza kutoka kwenye jarida la Lancet 1972, na dunia ikalazimika kusikiza.

Kwa nini rifampicin na pyrazinamide zilishinda? Maelezo yaliyokuja kukubalika ni kwamba ndani ya mapafu si bakteria zote zinafanya kazi kwa kasi moja. Kuna zile zinazozaana haraka, isoniazid inazimaliza mapema, na ndiyo maana unajisikia vizuri mapema. Halafu kuna zile zimelala, zimejikunyata pembeni, hazifanyi chochote. Ukiacha dawa, hizo ndizo zinaamka. Rifampicin na pyrazinamide zinaweza kuzifuata hata zikiwa kwenye usingizi. Siku hizi mgonjwa wa kawaida wa TB anapewa dawa nne kwa miezi miwili, halafu rifampicin na isoniazid kwa minne. Ukienda dispensari yoyote ya serikali, zile kadi za TB zimebeba hesabu ambayo ilianza na makohozi ya watu wa hapa.

Na kuna sehemu inayoniuma. Rifampicin ilikuwa ghali. Waliotoa makohozi yao, na miaka yao, kuonyesha kwamba inafanya kazi ni watu wa Afrika Mashariki. Lakini kwa miaka mingi baadaye mgonjwa wa kawaida Nairobi aliendelea kupewa ile ya bei rahisi, thiacetazone, kwa muda mrefu. Dunia tajiri ikachukua jibu letu ikalitumia. Shika hilo jina thiacetazone, tutarudi kwake.

Sasa 1990.

Kama una mtu nyumbani aliyekuwa mtu mzima wakati huo, mtajie neno moja tu: Kemron. Utaona uso ukibadilika.

Ukimwi ulikuwa unaua na hakukuwa na kitu. AZT ilikuwepo Marekani tangu 1987, lakini bei yake kwa mwaka ilikuwa maelfu ya dola, pesa ambayo hapa ilikuwa nyumba na shamba. Watu walikuwa wanazikwa na kwenye mazishi inasemwa ni nimonia. Halafu KEMRI, taasisi yetu ya utafiti iliyoundwa 1979, chini ya mkurugenzi wake Davy Koech, ikatangaza kwamba kuna dawa. Rais Moi mwenyewe akaitangaza kwa taifa. Hebu fikiria hiyo shangwe. Ni Kenya imefanya, Mwafrika amefanya, na wazungu bado wanatafuta!

Dawa yenyewe ilikuwa interferon ya alfa, protini ambayo mwili hutengeneza ukipambana na virusi. Wazo la kuitumia kwa kiasi kidogo sana mdomoni lilikuwa limesukumwa na Joseph Cummins, daktari wa mifugo kutoka Texas, aliyeanza nalo kwa wanyama. Kiasi kidogo namna gani? Takriban yuniti 150 kwa siku, ya kuyeyusha mdomoni. Interferon ya sindano kwa magonjwa mengine huhesabiwa kwa mamilioni ya yuniti. Hiyo peke yake haimaanishi haifanyi kazi, kuna vitu vidogo vyenye nguvu. Lakini ni sababu nzuri ya mtu kusema ngoja kwanza, tupime.

Ripoti ya kwanza ilihusu wagonjwa 40. Walisemekana kupata nguvu, hamu ya kula, uzito. Wengine, ikasemwa, walipimwa tena na virusi havikuonekana kwenye kipimo. Hakukuwa na kundi la kulinganisha. Yaani hakukuwa na wale 52 wa Uingereza, wala lile kundi la tano la miezi 18. Watu 40, dawa moja, na furaha kubwa.

Najua unachofikiria. Kama mtu alikuwa anakufa akainuka, kundi la nini tena?

Sikiza. Mtu huenda hospitali siku gani? Siku ambayo amelemewa kabisa. Ukimpima siku ambayo yuko chini zaidi, uwezekano mkubwa ni kwamba wiki mbili baadaye atakuwa juu kidogo, kwa sababu magonjwa yana mawimbi. Na akiingia kwenye utafiti anapata daktari anayemwangalia, fangasi ya mdomo inatibiwa, kifua kinatibiwa, anakula vizuri. Juu ya yote amepewa tumaini, na mtu mwenye tumaini hukwambia anajisikia vizuri hata kabla hujamaliza kuuliza. Hakuna anayedanganya hapo. Mgonjwa ni mkweli, daktari ni mkweli, na bado huwezi kujua kama ni dawa. Utajua tu ukiwa na mtu mwingine kama yeye, aliyepewa kila kitu isipokuwa hiyo dawa, na wote wawili hawajui nani amepewa nini. Ndiyo kazi ya plasibo, kile kidonge kinachofanana na dawa lakini ndani hakuna kitu.

Kemron ikapaa bila hiyo. Wamarekani weusi walisafiri hadi Nairobi kuitafuta, na huko kwao viongozi kadhaa wa jamii yao wakaipigania kwa miaka, wakisema inafichwa kwa sababu imetoka Afrika. Siwalaumu. Serikali ya Marekani iliwahi kuwaacha watu weusi wa Tuskegee na kaswende bila tiba kwa miaka 40 ili tu iwatazame. Ukishafanyiwa hivyo, ukiambiwa dawa ya Mwafrika haifanyi kazi, lazima ujiulize.

Lakini jibu la Kemron halikutoka Marekani. Lilitoka Kampala. Watafiti wa Uganda, wakiwemo Elly Katabira na Nelson Sewankambo wa Makerere, walichukua wagonjwa 559 wenye dalili, wakawagawa kwa bahati nasibu, interferon kwa kundi moja na plasibo kwa lingine. Mgonjwa hakujua, daktari hakujua. Matokeo yalichapishwa 1998: hakuna tofauti ya maana. Waliomeza dawa na waliomeza kidonge kitupu walienda njia moja.

Wakati huo, kwenye nchi tajiri, mchanganyiko wa ARV ulikuwa umeanza kuwainua watu kutoka vitandani tangu 1996. Sisi tulingoja miaka mingine kadhaa.

Kwa hivyo mtu akikwambia Kemron iliuawa na wivu wa wazungu, muulize kama Kampala ni kwa wazungu.

Turudi kwa thiacetazone sasa, kwa sababu hii sehemu hakuna mtu huniamini nikiisimulia.

Kipindi kile kile redio zinaimba Kemron, katika jiji lile lile la Nairobi, kulikuwa na watafiti wengine wanahesabu upele. Kweli, upele. Paul Nunn na wenzake walikuwa wanafuatilia wagonjwa wa TB na kugundua kwamba baadhi yao ngozi inawaka, inatoka malengelenge, wengine inabambuka kama waliomwagiwa maji moto. Wakawagawa: wenye virusi vya Ukimwi na wasio navyo, wote kwenye matibabu ya TB yenye thiacetazone. Wasio na virusi, aliyepata tatizo la ngozi alikuwa takriban 1 kati ya 100. Wenye virusi, 20 kati ya 100. Mmoja kati ya watano! Na kuna waliokufa kwa hiyo ngozi. Ilitoka kwenye Lancet 1991, na baada ya hapo Shirika la Afya Duniani likashauri thiacetazone isipewe wenye virusi.

Kumbuka hiyo ndiyo dawa ambayo jaribio la miaka ya 70 lilikuwa limeshaonyesha kwamba katika miezi sita haifui dafu mbele ya rifampicin. Bado ilikuwa kwenye mifuko ya wagonjwa wa Nairobi, kwa sababu ya bei.

Hakuna rais aliyetangaza utafiti wa upele. Hakuna aliyepanda ndege kuja kuufuata. Lakini kuna watu wazima wanaotembea leo na ngozi zao kwa sababu mtu alikaa chini akahesabu. Mimi nikipewa nafasi ya kuchagua ni tukio lipi la miaka hiyo liingie kwenye kitabu cha historia cha Form Two, naweka hilo, na Kemron naiweka ukurasa unaofuata ili mtoto azisome pamoja.

Na kwenye darasa la famasia? Shahada ya famasia ilianza Chuo Kikuu cha Nairobi 1974. Kabla ya hapo ukitaka digrii ulienda nje. Maana yake Lancet ilipochapisha matokeo ya Afrika Mashariki, Kenya haikuwa na mwanafunzi hata mmoja wa digrii ya famasia anayesoma nyumbani. Dunia ilijifunza kutoka kwetu kabla sisi hatujawa na darasa. Hiyo ninaielewa, ni mambo ya wakati. Nisichoelewa ni kwamba karibu miaka 50 baadaye mimi nilikaa darasani, nikafundishwa rifampicin mihula miwili, na hakuna aliyetaja kwamba uwezo wake ulipimwa hapa. Mhadhiri alikuwa mzuri, sina noma naye. Ni silabasi iliyojaa hadi pomoni: majina, dozi, majina. Famakolojia ya kliniki, ile ya kuuliza dawa inafanya nini ndani ya binadamu halisi na tunajuaje, tuliambiwa inakuja mbele, miaka ya juu. Wengine hatukufika miaka ya juu. Na wale wanaokuuzia dawa dukani, wengi ni watu wa diploma ya miaka mitatu, wanaopelekwa mbio kuliko hata sisi.

Mimi ningeianza wiki ya kwanza. Kabla ya jina la dawa hata moja. Ningeweka ubaoni 29, 22, 8 na 3, niwaache wanafunzi wabishane hizo namba ni za nini.

Naandika haya pia kwa sababu ya biashara yangu. Mwezi uliopita kampuni fulani ilinitumia ofa nitangaze unga wa "kusafisha damu." Doh ilikuwa nzuri, nisidanganye, ni kodi ya miezi miwili. Nikawauliza swali moja: mmelinganisha na nani? Wakanitumia video tatu. Mama mmoja anasema magoti yamepona, kijana anasema chunusi zimeisha, mzee anasema sukari imeshuka. Nikauliza tena, polepole: hao watatu mmewalinganisha na kina nani? Yule dada wa matangazo akanijibu kwa upole kabisa, "Lakini wamepona." Sikuchukua hiyo kazi. Mwingine aliichukua, nimeiona ikipita kwenye simu yangu mara nne wiki hii, na kwenye maoni watu wanauliza bei.

Sasa nina kazi kwenu. Ukienda ocha, tafuta guka, nyanya au mzee yeyote aliyetibiwa TB kati ya 1970 na 1975. Wako. Muulize alipewa nini, sindano ngapi, alimeza kwa muda gani, na kama kuna mtu aliyeendelea kumfuata nyumbani kuchukua makohozi hata baada ya kupona. Akikwambia ndiyo, walikuja kwa miaka na hakuwahi kujua ni kwa nini, niandikie. Nataka kumtafuta nimwambie.